Ziwa la samaki 100

Ziwa lina samaki 100 na wavuvi watano. Kila mvuvi ananitumia ujumbe pembeni kuniambia msimu huu anavua wangapi, na wenzake hawaoni alichoandika. Najumlisha, natoa, waliobaki nawazidisha mara mbili kwa sababu samaki huzaana, ila ziwa halibebi zaidi ya 100 hata wazaane vipi. Kisha natangaza hesabu kwenye grupu na msimu wa pili unaanza. Hizo ndizo kanuni zote. Mwenye kalamu anaweza kupiga hesabu kabla sijamaliza kueleza: wakivua 50 kwa pamoja, yaani 10 kila mmoja, wanabaki 50, wanazaana, ziwa linajaa tena. Wanaweza kula hivyo mpaka vitukuu.

Namba zinazokuja ni za aina hii: 10, 12, 15, 18, 20. Jumla 75. Wamebaki 25, wamezaana, tuna 50. Nikiandika tu “ziwa sasa lina samaki 50”, grupu linanyamaza kidogo, halafu zinamiminika emoji za mshangao, halafu kila mmoja anavua kwa pupa kuliko mwanzo kwa sababu anajua wenzake nao wameshaogopa. Msimu wa tatu ziwa lina samaki sita na wavuvi watano wanaotupiana lawama kwa herufi kubwa.

Mchezo huu si wa kwangu. Una ndugu wengi duniani. Dennis Meadows, mmoja wa waandishi wa kitabu cha mwaka 1972 kiitwacho The Limits to Growth, alibuni wake wa kampuni za uvuvi, unaitwa Fish Banks, na vyuo vinaucheza hadi leo. Mimi nimeupunguza mpaka ukaenea kwenye simu yenye bando la usiku, maana wavuvi wangu ni wanafunzi wa kidato cha tano walioko likizo. Mmoja yuko Tanga mjini, mwingine Handeni, wengine Mwanza, Kondoa na Pemba. Mimi nafundisha Jiografia, na likizo ya Desemba naendesha warsha za mjadala mtandaoni kuhusu uendelevu pamoja na walimu wenzangu wachache wa mikoa mingine.

Watu huniuliza kwa nini mtandaoni. Shuleni kuna ubao, kuna madawati, na watoto wako pale pale. Swali ni la haki, na jibu langu halihusu teknolojia hata kidogo. Kidato cha tano chetu kwa sehemu kubwa ni cha bweni. Mtoto anatolewa Mwanza anapangiwa Tanga, wa Tanga anapangiwa Iringa. Kwa miezi anakula ugali uliopikwa na mtu asiyemjua, kwa kuni zilizotoka asikokujua, anaoga maji ya tangi ambalo hajui linajazwa kutoka wapi. Hapo ndipo tunapomfundisha uhifadhi wa maliasili. Akirudi nyumbani likizo, anarudi kwenye jiko la mama, kisima cha jirani, mwalo wa mjomba, na sisi tumeshafunga madaftari. Warsha ya mtandaoni inamkuta mwanafunzi akiwa ameketi karibu na ushahidi wake. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na kama ingekuwa ni video za mwalimu akisoma slaidi, ningeiacha kesho.

Wazo lenyewe si geni kwetu. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alilalamikia shule inayomtenga kijana na jamii aliyotoka. Shule zikapata mashamba na mabanda ya kuku. Mashamba mengi yaliishia kuwa adhabu ya wachelewaji, lakini lalamiko lake halijazeeka.

Neno lenyewe, uendelevu, wanafunzi wanalijua kwa kukariri. Ukiwauliza wanakupa ile tafsiri ya mwaka 1987, ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway: kwamba ni maendeleo yanayokidhi mahitaji ya watu wa leo bila kuwafungia njia watakaokuja kesho. Wengine wanaongeza malengo 17 ya mwaka 2015 yanayotakiwa kutimia 2030, na wanayataja kwa mpangilio bila kukosea hata moja. Mtihani utawapa alama. Lakini mtoto huyo huyo aliyeandika tafsiri safi asubuhi ndiye anayevua samaki 20 jioni, na hana habari kwamba mambo hayo mawili ni somo moja.

Kwa hiyo ziwa likishakauka, sitoi hotuba. Nawapa ziwa jipya la samaki 100 na dakika kumi za kuzungumza kabla ya kuvua. Hapa kazi ndiyo inaanza. Mara zote sauti ya kwanza husema serikali iweke sheria. Nawajibu kwamba serikali iko mbali na ina mtumbwi mmoja wa doria. Ya pili husema basi tuaminiane, na kuna mtu atacheka. Ya tatu inauliza, je, namba zikiwekwa wazi? Ya nne inauliza tumfanye nini atakayezidisha. Kufikia hapo wameshatoka kwenye kitabu. Wanatunga sheria ndogo: kila mtu avue 10, namba zitangazwe, atakayezidisha akose msimu mmoja, na mwenye njaa aombe kwa wenzake kabla, si baada. Halafu wanavua, na mara nyingi kuna mjanja mmoja anayejaribu 11 ili aone itakuwaje.

Usiku huo ndipo nawatajia majina mawili. Garrett Hardin, mwanabiolojia wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwenye jarida la Science kwamba malisho yaliyo ya wote huishia kuharibiwa, kwa kuwa kila mfugaji anayeongeza ng'ombe hupata faida peke yake na hasara inagawanywa kwa wote. Dawa alizoziona ni mbili, kugawa kwa watu binafsi au kusimamiwa kwa nguvu ya dola. Wanafunzi wanamwelewa upesi. Wametoka kumwona kwenye ziwa lao. Wa pili ni Elinor Ostrom, Mmarekani pia, aliyekwenda kutazama watu wenyewe. Kitabu chake cha 1990 kimejaa vijiji ambavyo vimetunza maji, misitu na samaki kwa vizazi bila mwenye mali mmoja wala polisi. Mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi.

Mfano wake ninaoupenda ni wa Alanya, mji wa pwani ya Uturuki. Wavuvi walikuwa wakigombania sehemu nzuri za kutega nyavu mpaka wanapigana. Wakaorodhesha sehemu zote kwa majina. Kila Septemba walikuwa wanapiga kura ya bahati, kila mtumbwi unapata sehemu yake ya kuanzia, kisha kila siku unasogea sehemu moja kuelekea mashariki mpaka Januari, na kuanzia Januari unasogea kuelekea magharibi. Hivyo kila mmoja alipata zamu ya mahali pazuri, na mlinzi hakuhitajika, kwa sababu ukikaa kwenye sehemu isiyo yako leo, mwenye zamu anakukuta. Kijana wa Mwanza akaandika kwamba kwao mwenye zamu anaweza kukukuta na panga. Tukalijadili na hilo.

Na hapa mtandao unafanya jambo ambalo darasa haliwezi. Darasani wavuvi wangu wangetazamana usoni, na mwenye haya angeona macho ya wenzake akapunguza. Kwenye simu kila mmoja yuko peke yake na namba yake, kama mvuvi alivyo peke yake saa nane za usiku katikati ya maji. Siri ile inaufanya mchezo uwe wa kweli. Jambo jingine ni mabinti. Wale ambao darasani wanakaa nyuma na kuandika, kwenye grupu wanaandika mbele. Asiyepaza sauti huko kwetu huonekana hana hoja, kumbe anahitaji dakika tano za kufikiri na pasiwe na mvulana wa kumkatiza.

Baada ya ziwa tunaingia jikoni. Kazi ni hii: kwa siku tatu pima mkaa unaotumika nyumbani kwenu, uliza umetoka wapi, uliza umenunuliwaje, piga picha jiko. Asiye na mizani anaazima ya dukani. Natoa maelezo mafupi ya namna mkaa unavyopatikana: magogo yanapangwa, yanafunikwa kwa majani na udongo, yanachomwa polepole kwa hewa kidogo kwa siku kadhaa. Tanuru la kienyeji hupoteza sana, na kilo moja ya mkaa hula kwa kawaida kilo tano hadi kumi za mti. Mengine wanahesabu wenyewe. Nyumba inayotumia kilo 2 kwa siku inachoma kilo 60 kwa mwezi, yaani kilo 300 hadi 600 za miti, na hiyo ni nyumba moja ya mtaa mmoja wa mji mmoja.

Binti wa Tanga mjini alipomaliza hesabu yake aliandika kwamba wachoma mkaa wote wafungwe. Aliandika kwa hasira safi ya miaka kumi na saba, na wenzake wakamwagia vidole gumba. Kimya kikapita. Kisha kijana wa Handeni akajibu, mistari mitatu tu: mjomba wake anachoma mkaa, godoro, ndoo na tranka alivyoripoti navyo kidato cha tano vilitokana na mkaa huo, na mkaa huo hauliwi Handeni, unapanda lori kwenda mjini kwa akina dada wenye mizani.

Ningekuwa darasani ningeingilia kati, maana mwalimu akiona moto hutafuta maji. Kwenye grupu nilikuwa nimeshika simu na nikakaa kimya. Usiku mzima hakuna aliyeandika. Kesho yake grupu lilipofunguliwa tena, binti akarudi na swali badala ya hukumu: mjomba analipwa shilingi ngapi kwa gunia, na gunia hilo hilo linafika Tanga kwa bei gani? Kijana akaenda kumwuliza mjomba. Ukweli ni kwamba alikuwa hajui. Jibu lake likawageuza wote kuwatazama walioko katikati, wenye malori na wenye ushuru, na kwa siku mbili zilizofuata grupu lilikuwa limeacha kabisa kuzungumzia miti, linazungumzia bei. Mtu asiyefundisha anaweza kudhani tumepotea njia. Mimi naona hapo ndipo tulipofika. Msitu wa miombo unaanguka kwa sababu ya bei, na kijana asiyeziona bei ataendelea kuandika insha za kuwataka watu wapande miti.

Upande wa gesi ulikuwa na somo lake. Serikali imeweka mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka huo wa mwisho. Wanafunzi waliusoma, wakauona ni mzuri, kisha wakaupeleka jikoni kwa mama. Mama wa mmoja wao anauza vitumbua. Alimwambia mwanawe jambo ambalo nimeliona kwenye ripoti chache sana: pesa yake inaingia kila asubuhi kidogo kidogo, na mkaa unauzwa kwa kopo, kidogo kidogo vile vile. Mtungi unadai fedha nyingi siku moja. Hata kama kwa hesabu ya mwezi gesi ingekuwa nafuu, yeye hana mwezi, ana leo. Kijana aliandika maneno ya mama yake bila kuyapamba, na wenzake wakaanza kufikiria namna ya kuuza gesi kwa kipimo, vikoba vya mitungi, na nani abebe hasara mtungi ukiibwa. Palikuwa na mapendekezo ya kuchekesha. Palikuwa pia na mawili matatu ambayo ningependa mtu mwenye kampuni ya gesi ayasome.

Isiwe kama nasimulia miujiza. Mijadala mingi ya vijana mtandaoni huchosha vibaya. Ugonjwa wa kwanza ni “naunga mkono hoja”. Mmoja anaandika, kumi na wawili wanaunga mkono, wa kumi na tatu anaweka mikono iliyokunjwa kama ya dua, mjadala umekwisha. Tuna kanuni kwamba neno hilo ni marufuku mpaka uambatanishe kitu kipya: picha, bei, hesabu, au ulichoambiwa na mtu mzima wa nyumbani kwenu. Ugonjwa wa pili ni insha za kunakili. Unaziona kutoka mbali, zinaanza na “Uendelevu ni dhana pana inayohusisha”, na hakuna mtoto wa miaka 17 duniani anayeamka na sentensi hiyo mdomoni. Sikemei. Nabadilisha swali. Ukiuliza athari za ukataji miti, mashine itajibu vizuri kuliko mwanafunzi. Ukiuliza mkaa wa jana nyumbani kwenu ulitoka kijiji gani na nani aliubeba, mashine haina la kusema.

Ugonjwa wa tatu ni msemaji mmoja. Kila grupu lina wakili wake, anaandika kurasa. Dawa ni mistari mitatu kwa ujumbe, na vikundi vidogo, watano au sita, wenye kazi za zamu: mmoja anaongoza, mmoja anaandika muhtasari, mmoja anakagua takwimu, na mmoja anatetea upande ambao hakuna anayeutaka. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo ngumu na ndiyo yenye faida. Binti wa mizani alipangiwa kuwatetea wenye malori, akanung'unika, kisha akaifanya vizuri kiasi cha kumtia wasiwasi kijana wa Handeni.

Kwa mada kubwa tunatumia mbinu ya vipande. Mwanasaikolojia Elliot Aronson aliianzisha mwaka 1971 huko Austin, Texas, wakati shule zilipokuwa zimeanza kuwachanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Mexico ambao hawakuwa wakipatana. Kila mtoto anapewa kipande kimoja cha somo ambacho wenzake hawana, hivyo hawawezi kumaliza kazi bila kumsikiliza. Sisi tuliitumia kwa Ziwa Victoria. Kipande cha kwanza ni sangara, aliyeletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akaleta viwanda vya minofu na fedha za kigeni. Cha pili ni furu, mamia ya aina za samaki wadogo waliokuwa humo tu duniani, na nyingi hazionekani tena. Cha tatu ni dagaa, chakula cha maskini na cha kuku. Cha nne ni mipaka: karibu nusu ya ziwa iko Tanzania, Uganda ina zaidi kidogo ya asilimia 40, Kenya ina asilimia 6, na tangu 1994 nchi hizo tatu zina taasisi moja ya uvuvi yenye makao Jinja. Mwenye kipande cha sangara alifika anamsifu, mwenye furu alifika anamlaani, na wote wawili walikuwa na takwimu. Mwenye kipande cha dagaa, yule wa Mwanza, aliwaambia kitu ambacho hakikuwa kwenye karatasi yoyote niliyowapa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. “Kwetu mwezi ndiyo BMU,” aliandika, akimaanisha vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vilivyoko kwenye mialo. Nimeiazima sentensi hiyo mara kadhaa kwenye mikutano ya walimu.

Mjadala uliotushughulisha kuliko yote ulitoka Pemba. Binti wa huko alileta habari ya kufunga miamba ya pweza. Pweza wa kwetu hukua upesi mno na huishi mwaka mmoja na kidogo tu; jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake, hufa. Kwa hiyo mwamba ukiachwa bila kuguswa kwa miezi kama mitatu, pweza wa kiganja anageuka pweza wa kilo kadhaa. Kule Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagascar, walianza kujaribu hivyo mwaka 2004, na desturi hiyo imeshafika visiwa na vijiji kadhaa vya mwambao wetu. Siku ya kufungua, kijiji chote kiko pwani na wanunuzi wanangoja na mizani.

Grupu likashangilia. Ziwa la samaki 100 limepatikana, tena la kweli! Lakini binti ana bibi, na bibi yake huchokoa pweza kwa miguu bamvua linapokupwa, tangu akiwa msichana. Binti akamwekea simu mdomoni. Voisi ya bibi ilikuwa ya dakika nne, nusu yake salamu na kuulizia hali za wazazi wetu sote. Nusu ya pili ilikuwa hoja. “Hao wazamiaji wana mashua, mwamba huu ukifungwa wanakwenda ule. Mimi nina miguu hii. Miezi mitatu n'le nini, wajukuu zangu?” Akaongeza kwamba siku ya kufungua, wenye miwani na mashua hufika kwanza kwenye pweza wakubwa, na wanawake wa miguu wanakuta mashimo.

Sina kitabu kinachofundisha hivyo. Kwa mwezi mzima walikuwa wakizungumzia kizazi kijacho, na sasa kizazi kilichotangulia kimeingia kwenye grupu na kusema nyie mnagawa njaa, na mnanigawia mimi. Wa kwanza kujibu alikuwa kijana wa Handeni, akamwamkia shikamoo bibi, akauliza kama kuna sehemu ya mwamba wa karibu, wa maji mafupi, ambayo ingeweza kubaki wazi kwa wanaokwenda kwa miguu. Bibi akajibu ipo, ila vijana wa mashua nao wataingia humo. Mwingine akapendekeza kwamba siku ya kufungua iwe ya wenye miguu kwanza, wazamiaji waanze bamvua la pili. Mwingine akauliza nani atawazuia. Binti wa mizani akataka kujua wakati wa kufungwa nani analipa walinzi wa usiku, na kama ni fungu la mauzo ya siku ya kufungua, basi bibi naye apate fungu kwa kuacha kwenda. Wakaandika ukurasa mmoja wa kanuni. Bibi alisomewa, akakubali mbili, akakataa moja, na moja akasema wamwulize mwenyekiti wa kamati, yeye hamsemei mtu.

Gharama zake nazo ziandikwe. Simu ni ya nyumba, si ya mtoto. Mchana iko sokoni na mama, kwa hiyo grupu letu linaamka saa mbili usiku na saa nne linafungwa. Video tunaiepuka, inakula bando. Mkutano wa sauti ni mara moja kwa wiki na haupiti saa moja, mengine yote ni maandishi na picha zilizopunguzwa. Asiye na simu janja nyumbani anaunganishwa na mwenzake wa karibu, na hapo tunawapoteza baadhi, hasa wasichana wasioruhusiwa kutoka jioni. Namba za mchezo zinaingia kwenye simu inayoshikwa na walimu wawili, na hakuna mwalimu anayechati na mwanafunzi faraghani kuhusu jambo jingine lolote. Wazazi walipewa kanuni hizi kabla, na mzazi yeyote anaweza kuomba aingizwe asome. Baba mmoja aliingia kusoma, mwishowe akawa anabishana kuliko watoto. Tukamwomba kwa heshima apunguze.

Kijana wa Kondoa ameshaomba mada ya likizo ijayo. Kwao kulikuwa na makorongo yanayomeza nyumba, na mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO. Mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Nyasi zilirudi, miti ikarudi, na wafugaji walipoteza walichokuwa nacho. Shinyanga walikwenda njia nyingine kuanzia 1986: mradi wa HASHI uliegemea ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho ya kiangazi, na zaidi ya hekta 300,000 zimerudi kijani. Anataka grupu liamue nani alifanya vizuri. Ana babu aliyekuwa na ng'ombe mwaka huo wa 1979, na hajawahi kumwuliza walikwenda wapi. Nimemwambia aanze na hilo, arekodi, na asimkatize mzee.